Mshipa wa shingo umebana, kwa nini wasiweke stenti tu?

SWALI: Shikamoo dokta. Mzee wangu ana miaka 74, wiki iliyopita mkono wa kulia ulimlegea na maneno yakawa hayatoki, baada ya robo saa akarudi sawa. Utrasaundi ya shingo inasema mshipa wa kushoto umebana asilimia 80. Daktari anataka kumpasua shingo. Kwani hawawezi kumwekea stenti kama ya moyo? Na baba mkubwa, wake uliziba kabisa lakini walimpa vidonge tu, si ndio ungezibuliwa kwanza?

JIBU: Marahaba. Stenti ya shingo (kibomba cha wavu cha kuushikilia mshipa unaopeleka damu kichwani ubaki wazi) ipo, wanapitia kinenani na waya mpaka shingoni, wanafungua chujio dogo juu ya pale palipobana ili lidake uchafu, puto linatanua halafu stenti inabaki, na mgonjwa mara nyingi yuko macho anaulizwa maswali na kuambiwa abane mkono. Tatizo ni umri. Mishipa ya mzee inayotoka kifuani imepindapinda na ina chokaa, kwa hiyo waya ukipita tu unaweza kubandua uchafu ukaenda kichwani kabla hata chujio halijafunguliwa. Utafiti wa CREST, Marekani na Kanada, uliotoka 2010 ukiwa na wagonjwa 2,502, ulikuta kiharusi kipindi cha matibabu ni asilimia 4.1 kwa stenti na 2.3 kwa kupasuliwa, ila shambulio la moyo ikawa kinyume, 1.1 kwa 2.3, na kuanzia miaka 70 hivi kupasuliwa ndiko salama zaidi. Kwa hiyo daktari wenu mimi namuunga mkono, labda kama mzee moyo wake dhaifu au shingo ilishapigwa mionzi.

Baba mkubwa hawakumtelekeza. Mshipa ukishaziba kabisa siku nyingi damu haipiti, ubongo unakuwa umeshapata njia nyingine za kulishwa, ukiuchokoa na waya ndio unasukuma bonge la damu kichwani. Ukiziba leo na kiharusi kinaendelea hapo ni habari nyingine, ni kukimbizana na masaa.

Sasa mzee wako: aspirini, dawa ya kolesto na ya presha asiache, sigara aachane nayo. Na hiyo operesheni isipigwe kalenda, faida yake kubwa ni ndani ya wiki 2 tangu mkono ulegee, na nyie moja mmeshaitumia.