Kwa Mnaoanza Kusoma Tabianchi: Ulizeni Mwanga Unaangukia Wapi na Lini

Wanafunzi wengi wanaoanza kusoma tabianchi huja na swali moja wanaloliona kuwa ndilo la msingi kuliko yote: Dunia hupokea mwanga wa Jua kiasi gani? Baada ya miaka mingi ya kufundisha somo hili, ushauri wangu ni kwamba swali hilo mlijibu mapema kisha mliweke kando, kwa sababu jibu lake halibadiliki sana. Nje ya angahewa, katika umbali wa wastani kutoka kwenye Jua, kila mita moja ya mraba inayoukabili mwanga moja kwa moja hupokea takriban wati 1,361. Kwa kuwa Dunia ni tufe, na nusu yake huwa gizani wakati wowote ule, kiasi hicho kikigawanywa juu ya uso wake wote hubaki wati 340 hivi kwa kila mita ya mraba, na karibu asilimia 30 ya hizo huakisiwa na mawingu, barafu, hewa na mchanga na kurudi angani. Fanyeni hesabu hiyo kwa mkono mara moja, mjiridhishe, kisha mwendelee mbele. Swali litakalowafikisha kwenye majangwa yaliyowahi kuwa malisho na kwenye barafu iliyowahi kufunika nusu ya bara ni lile la mahali na majira: mwanga huo unaangukia wapi, na wakati gani wa mwaka?

Kikwazo cha kwanza mtakachokutana nacho ni dhana kwamba majira ya joto huja pale Dunia inapolikaribia Jua. Mzingo wa Dunia, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, ni duaradufu iliyo karibu sana na duara, hivi kwamba ukichorwa karatasini kwa vipimo vyake halisi jicho haliwezi kuutofautisha na duara kamili. Michoro ya vitabuni inayouonyesha kama yai imepotosha watu wengi. Mwanzoni mwa Januari Dunia huwa kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai huwa kilomita milioni 152.1, tofauti inayoongeza mwanga wa Januari kwa karibu asilimia 7 kuliko ule wa Julai. Hata hivyo Januari ni kipupwe katika kizio cha kaskazini. Lipo pia jambo ambalo hupenda kuwauliza wanaodhani wamekwisha kuelewa: wastani wa halijoto ya uso wa Dunia nzima huwa juu zaidi mwezi Julai, yaani wakati ule ule ambapo Jua liko mbali kabisa. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya nchi kavu iko kaskazini, na nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Anayeweza kueleza hilo bila kusitasita amekwisha kuvuka daraja la kwanza la somo hili.

Majira huletwa na mwinamo. Mhimili wa Dunia umeinama kwa nyuzi 23.4, nao huelekea upande ule ule wa anga mwaka mzima, kwa hiyo Juni kizio cha kaskazini hulielekea Jua na Desemba hulipa kisogo. Mwinamo huo hufanya kazi kwa njia mbili ambazo ni lazima mzitenganishe. Ya kwanza ni pembe ya mwanga: Jua likiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, mwanga wake huenea juu ya eneo mara mbili ya lile ambalo ungelifunika kama Jua lingekuwa utosini, na kila kipande cha ardhi hupata nusu yake. Ya pili ni urefu wa mchana. Mkiziunganisha mtafika kwenye tokeo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza, nalo ni kwamba karibu na tarehe 21 Juni, kwa jumla ya saa 24, Ncha ya Kaskazini hupokea juu ya angahewa yake mwanga mwingi kuliko ikweta, kwa kuwa Jua halituwi kabisa huko. Ncha haipati joto la kulingana na mwanga huo kwa sababu miale hupita katika hewa nene zaidi, na barafu huurudisha angani mwingi wa mwanga unaoifikia. Naomba mkumbuke mfano huu, kwa maana tabia hiyo ya barafu itajitokeza tena.

Hadi hapa nimezungumzia mwaka mmoja. Kwa muda mrefu zaidi, mvuto wa Jua, Mwezi na sayari nyingine hubadilisha mambo matatu. Umbo la mzingo hubadilika kutoka karibu duara kamili hadi duaradufu iliyorefuka kidogo, kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000 na miaka 405,000. Mwinamo hupanda na kushuka kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 kwa takriban miaka 41,000, na kwa sasa unashuka. Tena mhimili wenyewe huyumba kama pia ya mtoto inayokaribia kuchoka, ukikamilisha duru moja kwa karibu miaka 26,000; na kwa kuwa duaradufu yenyewe pia hugeuka polepole, tarehe ambayo Dunia hulikaribia Jua huzunguka kalenda yote ya majira kwa wastani wa miaka 21,000 hivi.

Wanaoanza huyakariri matatu haya kama mambo sawa yaliyosimama kila moja peke yake, nami huwasihi wasifanye hivyo. Badiliko la umbo la mzingo hubadilisha jumla ya mwanga wa mwaka mzima kwa kiasi kisichofika asilimia 0.3, na kwa hiyo, likichukuliwa peke yake, ni dhaifu mno. Nguvu yake ni ya kulitawala badiliko la tatu: mzingo ukiwa duara kamili, tarehe ya kulikaribia Jua haina maana yoyote, na kadiri mzingo unavyorefuka ndivyo tarehe hiyo inavyopata uzito. Mwinamo, kwa upande wake, huziathiri ncha zote mbili kwa pamoja. Ukiongezeka, ncha zote hupata mwanga mwingi zaidi katika majira yao ya joto, ilhali kuyumba kwa mhimili hukipa kizio kimoja kile kinachomnyima mwenzake.

Mfano ulio bora wa kuyumba huko uko Sahara. Yapata miaka 11,000 iliyopita Dunia ililikaribia Jua katikati ya mwaka badala ya Januari, na mwanga wa majira ya joto kaskazini ulikuwa mwingi kuliko wa leo kwa takriban asilimia 7 hadi 8. Nchi kavu ya Afrika Kaskazini ilipata joto kali, hewa ikapanda, na pepo zenye unyevu kutoka Atlantiki zikavutwa hadi mbali ndani ya bara. Nyasi ziliota mahali ambapo leo ni mchanga mtupu, Ziwa Chad likatanuka hata likawa bahari ndogo ya maji baridi, na watu wakachora twiga na ng'ombe kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer, katika nchi ya Algeria ya sasa. Kufikia takriban miaka 5,000 iliyopita ukame ulikuwa umerejea katika sehemu kubwa ya eneo hilo. Chini ya Bahari ya Mediterania mna matabaka ya tope jeusi yaliyowekwa nyakati ambazo mafuriko ya Nile yalipunguza hewa ya oksijeni katika maji ya kina, na matabaka hayo hujirudia kila mara Dunia inapolikaribia Jua wakati wa kiangazi cha kaskazini. Katika habari hii yote jumla ya mwanga wa mwaka haikubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Kilichohama ni tarehe.

Tukija kwenye barafu, anzeni na hoja kabla ya hesabu. James Croll, Mskoti wa karne ya 19 aliyejisomea mwenyewe, alidhani kwamba zama za barafu huletwa na vipupwe vikali. Baadaye Wladimir Köppen, mtaalamu wa tabianchi, alimshauri Milutin Milanković, mhandisi na mwanahisabati wa Serbia, kwamba jambo la kuamua ni kiangazi: theluji huanguka kila kipupwe katika nchi za kaskazini ya mbali, na barafu hujengeka pale tu kiangazi kinaposhindwa kuiyeyusha yote. Milanković alikokotoa kwa mkono mwanga wa majira ya joto kwa malaki ya miaka, sehemu ya kazi hiyo akiifanya mjini Budapest alikozuiliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1941. Latitudo ya nyuzi 65 kaskazini, ambayo mtaikuta katika kila makala ya taaluma hii, inatokana naye. Ndiko kuliko na nchi kavu ya kutosha kubeba barafu hiyo.

Hata hivyo, mwanga wa Jua hauimalizi kazi peke yake, na hapa ndipo ninapotaka mkae kwa muda mrefu. Miaka 21,000 hivi iliyopita, barafu yenye unene wa kilomita kadhaa ilifunika Kanada na Skandinavia, na uso wa bahari ulikuwa chini kuliko leo kwa takriban mita 120. Badiliko dogo la mwanga wa kiangazi hulifikia tokeo kubwa kama hilo kwa kukuzwa. Barafu ikienea huakisi mwanga zaidi na kuzidisha baridi. Ikipanda juu, kilele chake huingia katika hewa baridi zaidi. Na bahari zinapobadilika huichukua kaboni dioksidi kutoka angani. Viputo vya hewa vilivyonaswa katika barafu ya Antaktika vinaonyesha kwamba gesi hiyo ilishuka hadi sehemu 180 hivi kwa milioni katika zama za barafu, na kupanda hadi karibu 280 katika vipindi vya joto. Ndiyo maana kizio cha kusini nacho kilipoa pamoja na cha kaskazini, ingawa kuyumba kwa mhimili huvipa vizio viwili mwanga kwa zamu zinazopingana. Mwanafunzi akiuliza kama chanzo ni mzingo au ni gesi, huwa namrudishia swali: kimoja huanzisha, kingine hukuza na kusambaza, nawe unataka kukipima kipi?

Kabla ya takriban miaka milioni moja iliyopita barafu ilikuja na kuondoka kwa mapigo ya miaka 41,000, yaani kwa kuufuata mwinamo. Baadaye mapigo yakawa ya karibu miaka 100,000, ingawa umbo la mzingo ndilo lenye nguvu ndogo kabisa ya moja kwa moja. Wataalamu wanajadili kupungua kwa kaboni dioksidi, kukwanguliwa kwa udongo laini uliokuwa chini ya barafu, na kudidimia kwa miamba chini ya uzito wake. Someni hoja zote kabla ya kuchagua upande.

Kuhusu kazi yenyewe ya kusoma grafu, kwanza tazameni wakati unaelekea upande gani, kwa maana wanajiolojia wengi huiweka sasa upande wa kushoto na wengine huiweka kulia. Maneno "kabla ya sasa" katika vipimo vya kaboni huhesabiwa kutoka mwaka 1950. Jihadharini pia na miezi. Dunia huenda kasi zaidi inapolikaribia Jua, na kwa sababu hiyo leo siku zilizo kati ya mlingano wa Machi (siku ambayo mchana na usiku hulingana) na ule wa Septemba ni 186 hivi, na zile zinazobaki ni 179. Zama nyingine mgawanyo huo ulikuwa tofauti, kiasi kwamba "Septemba" ya miaka 10,000 iliyopita katika programu ya kuigiza tabianchi haiko mahali pale pale pa mzingo na Septemba ya leo. Tofauti nyingi zinazotangazwa kwa shangwe na wanafunzi huyeyuka kalenda inaporekebishwa.

Mtego mkubwa zaidi ni umri wa matope ya baharini. Mara nyingi matabaka hupewa umri kwa kulinganishwa na mizunguko ya mzingo, na mtu akitumia umri huo huo kuthibitisha kwamba mizunguko ndiyo iliyoyaumba, atakuwa anazunguka mahali pamoja. Daima ulizeni umri ulipatikanaje. Njia hiyo, ikitumiwa kwa uangalifu, ina heshima yake: mwaka 1990 Nicholas Shackleton na wenzake waliitumia kupendekeza kwamba mgeuko wa mwisho mkubwa wa sumaku ya Dunia, yaani ncha zake za sumaku kubadilishana mahali, ulitokea miaka 780,000 iliyopita, si 730,000 kama ilivyokubalika wakati huo, na vipimo vya gesi ya agoni katika miamba ya volkano vikaja kuwaunga mkono.

Mtaulizwa pia, tena na watu wasio wanafunzi, kama ongezeko la joto la sasa si mzunguko mwingine tu wa aina hii. Jibuni kwa vipimo. Mwinamo hupungua kwa takriban uzi 0.013 kwa karne, na mwanga wa kiangazi cha kaskazini umekuwa ukipungua kwa maelfu ya miaka, mwelekeo ambao ungeleta ubaridi wa polepole. Badala yake joto la Dunia limepanda kwa zaidi ya uzi mmoja wa Selsiasi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Jua lenyewe limepimwa kwa setilaiti tangu mwaka 1978, nalo hupanda na kushuka kwa asilimia 0.1 hivi katika mzunguko wake wa miaka 11 bila kuonyesha mwelekeo wa kuongezeka. Kaboni dioksidi imepita sehemu 420 kwa milioni, ilhali katika miaka 800,000 iliyohifadhiwa kwenye barafu ya Antaktika haikufika popote karibu na kiwango hicho. Wakiendelea kushikilia Jua, waonyesheni tabaka la juu la angahewa: mwanga ukiwa ndio chanzo, stratosfia nayo ingepata joto pamoja na uso wa Dunia, lakini vipimo vya miongo kadhaa vinaonyesha kwamba imekuwa ikipoa.