Re: Nitapataje 250 ml za HCl (asidi ya hidrokloriki) 2M (moli 2 kwa lita) kutoka chupa ya asidi iliyokolea?

Mkuu, umekwama kwa sababu unatafuta V1 (ujazo wa asidi ya kuchukua) wakati C1 (ukolezi wa asidi ya chupani) bado huna. Umesema lebo ya chupa imeandikwa 36% na densiti 1.18 (gramu kwa ml), hizo zinatosha kabisa. Lita moja ya hiyo asidi ina gramu 1180, asilimia 36 yake ndo HCl yenyewe, yaani kama gramu 425, gawa kwa 36.5 (gramu za moli moja ya HCl) unapata moli 11.6, kwahiyo C1 ni 11.6M. Sasa C1V1 = C2V2 (C2 na V2 ni ukolezi na ujazo unaoutaka) inakubali: 2 mara 250 gawa kwa 11.6, ni 43 ml.

Wengi wanaharibu hapa, wanachukua 250 kutoa 43 halafu wanapima maji 207 wanamimina, usifanye hivyo. Weka maji kama 150 kwenye bika, mimina asidi taratibu huku unakoroga, ASIDI KWENYE MAJI na sio kinyume tafadhali, itapata joto, iache ipoe kabisa ndo uhamishie kwenye flaski ya 250, suuza bika na maji kidogo yote yaingie humo, kisha ongeza maji mpaka kwenye mstari. Ukijaza ikiwa bado ya moto, ikipoa inashuka chini ya mstari.

Mvuke wake unachoma pua na macho vibaya sana, fungulia penye hewa ya kutosha, vaa glavu na miwani. Na kama ni ya titresheni (kupima ukolezi wa kimiminika kingine kwa kuongeza hii kidogo kidogo) usiiamini hiyo 2M moja kwa moja, chupa ikishafunguliwa gesi ya HCl inatoka polepole, ihakiki kwanza na sodiamu kaboneti.