Maswali na majibu: Kuchagua majaribio ya kivinjari kwenye CI

Maswali ya safari hii yana mzizi mmoja. Majaribio yanayofungua kivinjari na kubofya kurasa kama mtumiaji yameongezeka, CI (mfumo unaojenga na kujaribu msimbo wenyewe kila unapobadilika) inachelewa, na timu inataka kuendesha baadhi tu. Msimamo wangu mtauona katika kila jibu, kwa hiyo nauweka wazi mapema: kuchagua ni halali kabisa, mradi kila jaribio lililoachwa liwe na zamu yake inayojulikana. Jaribio lisilo na zamu limeshafutwa, hata kama faili yake bado ipo.

Tuna majaribio zaidi ya 400 ya Playwright, chombo cha kuendesha kivinjari kwa msimbo, na kila ombi la kuunganisha msimbo husubiri karibu saa nzima. Tuyapunguze vipi?

Kabla ya kufuta chochote, yagawanyeni kwa zamu. Tangu toleo la 1.42, Playwright inakubali tagi, yaani lebo ya kundi, ndani ya jaribio lenyewe, yaani `tag: '@muhimu'`, kisha kwenye CI unaandika `npx playwright test --grep @muhimu`. Ukitaka kinyume chake, yaani yote isipokuwa yale mazito, kuna `--grep-invert @polepole`. Vyombo vingine vina njia zao: wanaotumia Selenium kupitia pytest wana `pytest -m muhimu`. Wa JUnit 5 huweka `@Tag("muhimu")` na kuita Maven kwa `-Dgroups=muhimu`. Cypress ina `--spec`, ambayo huchagua kwa njia ya faili, kwa hiyo huko mpangilio wa folda ndio unaobeba uamuzi.

Amri ni rahisi. Kazi ni kukubaliana nini kiitwe muhimu, maana kila mtu huliona jaribio lake kuwa ndilo muhimu kuliko yote. Mimi hutazama njia anazopita mtumiaji: kuingia kwenye akaunti, kutafuta, kulipa, kuhifadhi kazi yake na kuikuta kesho. Ikiwa hitilafu fulani ingewalazimu kurudisha toleo la zamani saa hiyo hiyo, jaribio lake linastahili tagi. Rangi ya kitufe kwenye ukurasa wa mipangilio inaweza kungoja hadi usiku. Kisha wekeni kikomo cha muda, tuseme dakika 10 kwa kundi zima. Anayetaka kuingiza jaribio jipya likavuka kikomo aseme ni lipi litoke. Bila kikomo hicho, tagi itaenea hadi mrudi kwenye saa nzima.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: kundi la muhimu kwenye kila ombi, kundi kubwa zaidi msimbo ukishaingia tawi kuu, na yote kila usiku kwenye Chromium, Firefox na WebKit. Kwenye GitHub Actions, CI ya GitHub, zamu ya usiku huwekwa kwa `schedule`. Saa zake kwa kawaida ni za UTC, na kazi zilizopangwa mwanzoni mwa saa zinaweza kuchelewa kwa sababu ya msongamano, basi chagueni dakika ya katikati kama 17 au 43.

Je, CI haiwezi kujichagulia yenyewe, ikaendesha tu majaribio yanayohusu faili zilizobadilika?

Inaweza kwa kiasi fulani, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Playwright ina `--only-changed=origin/main` tangu toleo la 1.46. Huangalia faili za majaribio zilizobadilika, pamoja na zile zinazoagiza (`import`) moduli zilizobadilika. Sasa fikiria programu yako ilivyo: jaribio la kivinjari hufungua anwani na kubofya. Haliagizi msimbo wa seva wala wa ukurasa. Ukibadilisha hesabu ya kodi ndani ya seva, hakuna uzi wowote kati ya faili hiyo na jaribio la malipo ambao chombo kinaweza kuufuata. Jaribio litaachwa, na ombi lako litapita.

Ndiyo maana njia hii hufaa kama duru ya kwanza ya kupata jibu la haraka, kisha kundi kamili hufuata. Kumbuka pia kwamba `actions/checkout`, hatua inayoleta msimbo kwenye mashine ya GitHub Actions, huleta komiti moja tu isipoambiwa vinginevyo. Bila `fetch-depth: 0` hakuna historia ya kulinganisha.

Kampuni kubwa zimekwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 Facebook ilieleza mfumo wake unaojifunza kutokana na matokeo ya nyuma: uliendesha theluthi moja tu ya majaribio yanayotegemea msimbo uliobadilika, na bado ukanasa zaidi ya asilimia 99.9 ya hitilafu kabla hazijawafikia wahandisi wengine. Matokeo hayo yanatia moyo, ila yamesimama juu ya kumbukumbu kubwa mno za matokeo ya majaribio. Timu ndogo itafaidika zaidi na jedwali fupi lililoandikwa kwa mkono: folda ya `malipo/` ikiguswa, endesha `@malipo` pamoja na `@muhimu`. Na likiguswa faili la usanidi au la maktaba za nje, endesha yote bila kubishana.

Nimeweka kichujio cha `paths` kwenye GitHub Actions, ili majaribio yaanze tu faili fulani zikiguswa. Sasa maombi yanayogusa nyaraka tu yamekwama, yanasubiri ukaguzi usioanza kamwe.

Mfululizo mzima wa kazi (workflow) ukirukwa kwa sababu ya kichujio cha njia, ukaguzi wake hubaki katika hali ya kusubiri. Kama umeuweka kuwa wa lazima, ombi haliunganishiki. Lakini kazi moja ikirukwa kwa sharti la `if` ndani ya mfululizo ulioanza, huhesabiwa kuwa imefaulu. Kwa hiyo uache mfululizo uanze kila mara, kazi ya kwanza ichunguze nini kimebadilika, na kazi ya majaribio iwe na `if` inayosoma jibu hilo. Chunga tu: kukosea sharti hilo kunageuka kuwa ufaulu wa kudumu ambao hakuna aliyeuona ukitokea.

Jana tuligundua kuwa CI yetu imekuwa ya kijani kwa muda mrefu bila kuendesha jaribio hata moja! Inawezekanaje?

Pole sana, na ahsante kwa kuuliza, kwa sababu hili ndilo tatizo linalonisumbua kuliko yote kwenye safu ya leo. Alama ya kijani isiyo na jaribio nyuma yake ni mbaya kuliko kukosa CI kabisa. Timu isiyo na CI hukagua kwa mkono. Nyie mliacha kukagua kwa sababu mliamini.

Kila chombo kina tabia yake. Pytest isipopata jaribio lolote humaliza kwa kurudisha namba 5, na CI huiona kama kushindwa. Playwright nayo hushindwa na kusema haikupata majaribio, ila ukiipa `--pass-with-no-tests` hunyamaza. Surefire, sehemu ya Maven inayoendesha majaribio, ndiyo ya kuogopwa: ukichagua kwa `-Dgroups` na tagi isilingane na chochote, hukuambia ujenzi umefaulu, kwa sababu `failIfNoTests` huanza ikiwa imezimwa. Iwasheni leo hii.

Kosa dogo la tahajia ni hatari zaidi, kwa kuwa halifanyi jumla iwe sifuri. Mtu akiandika `@pytest.mark.muhim` kwenye jaribio moja, pytest hutoa onyo tu na jaribio hilo hudondoka kimyakimya. `--strict-markers` hugeuza onyo hilo kuwa kosa. Kwa Playwright, washeni `forbidOnly` kwenye CI ili `test.only` (agizo la kuendesha jaribio hilo peke yake) iliyosahauliwa isiyafukuze majaribio mengine yote. Halafu tafuteni `|| true`, inayofanya amri iliyoshindwa ihesabiwe kuwa imefaulu, katika faili za CI. Mkiikuta mwishoni mwa amri ya majaribio, huenda mmeshampata mhalifu.

Ningeongeza hatua moja: idadi ya majaribio yaliyoendeshwa ionekane kwenye ripoti, na kazi ishindwe ikishuka chini ya kiwango mlichokubaliana.

Majaribio yaleyale yanafaulu kwenye kompyuta yangu na kufeli kwenye CI. Niyaondoe kwenye kundi lililochaguliwa?

Hapana, kwanza tafuta tofauti ya mazingira. Anza na ukubwa wa dirisha. Chrome isiyoonyesha dirisha kwa kawaida imefungua ukurasa wa pikseli 800 kwa 600, na kwa upana huo menyu nyingi hujikunja, kitufe unachokitafuta kikawa hakipo. Taja ukubwa waziwazi. Kisha saa: mashine za CI mara nyingi ziko kwenye UTC, na jaribio linalolinganisha tarehe ya leo litaanguka katika masaa fulani tu ya siku.

Kivinjari kikizimika katikati ndani ya kontena, shuku kumbukumbu ya pamoja. Docker, inayoendesha kontena hizo, kwa kawaida hutoa megabaiti 64 tu kwa `/dev/shm`, na Chrome huzimaliza upesi. Dawa ni `--ipc=host`, `--shm-size` kubwa zaidi, au kumpa Chrome `--disable-dev-shm-usage`.

Linalobaki kwa kawaida ni kasi. Mashine ya CI ni ya polepole kuliko yako, na usingizi wa sekunde mbili uliotosha kwako hautoshi kule. Usiuongeze uwe sekunde tano. Subiri kitu chenyewe kitokee. Na uwashe `trace: 'on-first-retry'`, ili likifeli na kurudiwa upate rekodi ya kila hatua ya marudio hayo.

Kurudia jaribio lililofeli hadi lifaulu, ni udanganyifu?

Kurudia mara moja au mbili si udanganyifu. Kutohesabu marudio ndiko udanganyifu. Mwaka 2016 Google walieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa kiwango fulani, yaani mara hufaulu mara hufeli bila msimbo kubadilika, kwa hiyo msione aibu kuwa nao. Playwright hutenganisha yaliyofaulu, yaliyofeli na vigeugeu katika ripoti yake. Isomeni kila wiki. Jaribio kigeugeu litolewe kwenye kundi linalozuia maombi, liwekewe tagi `@karantini`, liendelee kuendeshwa usiku, na liwe na mtu mmoja anayewajibika kulitibu pamoja na tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, litibiwe au lifutwe.

Badala ya kuchagua, si tungegawa tu yote kwenye mashine nyingi?

Mkiwa na uwezo, ndiyo, na ningeanza huko. `--shard=1/4` huendesha robo ya kwanza, na mashine nyingine tatu huchukua zilizobaki. Bila `fullyParallel`, mpangilio wa kuendesha majaribio yote sambamba, mgawo huenda kwa faili nzima, basi faili moja kubwa litachelewesha fungu lake. Kwenye matriki ya GitHub, inayoendesha kazi ileile kwenye mashine kadhaa, zimeni `fail-fast`, la sivyo fungu moja likifeli mengine yatakatishwa, nanyi mtapata nusu ya habari. Ripoti za mafungu ziunganisheni kwa `merge-reports`.

Mkaguzi wetu si mwandishi wa programu. Anawezaje kuendesha majaribio anayoyataka bila kugusa msimbo?

Kwenye GitHub Actions tumia `workflow_dispatch`, inayoruhusu kuanzisha mfululizo kwa kubonyeza kitufe, yenye sehemu ya kuchagua tagi. Atabonyeza, atachagua `@malipo`, ataanzisha. Mpe orodha ya kuchagua badala ya kisanduku cha kuandika chochote, na thamani hiyo ipitishe kupitia kigezo cha mazingira. Usiibandike moja kwa moja ndani ya amri ya `run`, kwa sababu maandishi yanayoingizwa hapo yanaweza kugeuka kuwa amri na kusoma siri zote ambazo kazi hiyo inazo.