Unataka kufanya nyutrino? Anza na miuoni

Vijana wanaomaliza shahada ya kwanza ya fizikia huniandikia mara kwa mara, na swali lao ni lile lile: "Kaka, nataka kuingia kwenye nyutrino (zile chembe ndogo zisizo na chaji, ambazo hupenya karibu kila kitu), nisome nini?" Wanategemea niwatajie vitabu vya nadharia. Nadharia utaikuta hukohuko mbele, na utaishiba. Kinachowashinda wengi wakifika kwenye kitambuzi chenyewe, yaani kifaa cha kunasa chembe, ni kutenganisha nyutrino na vitu vyote visivyo nyutrino, na namba moja kati ya hivyo ni miuoni, chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi.

Miuoni na nyutrino hizo zina chanzo kimoja. Miale ya kosmiki, yaani chembe zitokazo anga za mbali, ambayo sehemu kubwa ni protoni, hugonga hewa kilomita 15 hadi 20 juu ya vichwa vyetu na kuzaa pioni, chembe zisizodumu. Pioni ikivunjika inatoa miuoni na nyutrino ya aina ya miuoni. Miuoni nayo ikivunjika inatoa elektroni pamoja na nyutrino mbili, moja ya aina ya miuoni na moja ya aina ya elektroni. Hesabu mwenyewe: mbili za aina ya miuoni kwa moja ya aina ya elektroni. Hizo ndizo nyutrino za angahewa. Tatizo ni kwamba miuoni nyingi hazivunjiki njiani. Zinafika mpaka hapa tulipo, moja hivi kwa kila sentimita ya mraba kila dakika. Ndiyo sababu watu wanaenda kujichimbia migodini, ambako mwamba unazizuia nyingi.

Nikiwa mwanafunzi Japani nilifanya zamu Super-Kamiokande, mkoa wa Gifu. Kitambuzi kiko mita 1,000 chini ya mlima, ndani ya mgodi wa zamani. Ni tangi lenye kimo cha mita 41 na upana wa mita 39, limejaa tani 50,000 za maji yaliyosafishwa kupita kiasi, na kuta zake za ndani zimepangwa mirija ya kunasa mwanga zaidi ya 11,000, kila mmoja una kipenyo cha sentimita 50. Pamoja na mlima wote ule, miuoni bado zinapenya kama mbili kila sekunde. Kwa siku nzima hizo ni zaidi ya 150,000. Nyutrino za angahewa zinazofaa kuchambuliwa ni kama nane.

Unazipataje hizo nane? Tangi lina tabaka mbili za maji. Miuoni inayotoka nje lazima iwashe tabaka la nje kabla ya kuingia ndani. Nyutrino haiwashi chochote inapoingia, mwanga unaanzia katikati ya maji pale ilipogonga kiini cha atomu. Chembe iliyozaliwa hapo ikienda kasi kuliko mwanga unavyokwenda ndani ya maji, inaacha mwanga wa Cherenkov, mithili ya wimbi linaloachwa na boti ya mwendo kasi, na mwanga huo unachora duara ukutani. Kwenye skrini tangi linaonekana limekunjuliwa kama karatasi, na kila mrija ulionasa mwanga ni nukta ya rangi.

Mkuu wetu wa zamu alikuwa na mchezo wake. Anafunika kwa karatasi jibu la kompyuta, kisha anauliza, elektroni au miuoni? Duara la miuoni lina ukingo uliokatika vizuri. La elektroni lina ukingo wenye ukungu, kwa sababu elektroni hutawanyika njiani na kuzaa nyingine nyingi. Baada ya muda jicho linazoea, na ukija kuandika programu ya kuzitenganisha unajua hasa unaiomba nini. Ukipata nafasi ya kukaa mbele ya skrini ile, usiipoteze kwa kuchati.

Sasa niseme kwa nini nawakazania hivi. Kamiokande, kitambuzi cha kwanza pale mgodini, kilianza kazi 1983 kikitafuta protoni inayovunjika. Nyutrino za angahewa zilikuwa kero, na ilibidi zihesabiwe ili ziondolewe. Waliozihesabu kwa makini wakaona zile za aina ya miuoni zimepungua. Wengine wangeweza kusema kifaa kina kasoro, wakaishia hapo. Mwaka 1998, mjini Takayama, Takaaki Kajita alionyesha matokeo ya Super-Kamiokande: nyutrino za aina ya miuoni zenye nishati kubwa zinazotoka chini, zilizopita kilomita karibu 13,000 ndani ya Dunia, zilikuwa kama nusu tu ya zile zinazotoka juu. Zilikuwa zimebadilika aina njiani, na ili zibadilike lazima ziwe na uzito. Tuzo ya Nobel ikaja 2015, akagawana na Arthur McDonald wa Kanada. Angalia ujanja wa hesabu ile: hata kama hujui vizuri angahewa inazalisha nyutrino ngapi, unalinganisha juu na chini kwa kifaa kilekile, na sehemu kubwa ya shaka inajifuta yenyewe. Mimi mchoro huo ndio niliousoma mara nyingi kuliko mwingine wowote.

Heshimu pia kazi za mikono. Kusafisha maji, kupima mwanga unafika umbali gani kabla ya kumezwa, kuzuia radoni, gesi yenye mionzi inayotoka miambani. Novemba 2001, maji yakiwa yanajazwa tena, mrija mmoja ulipasuka na wimbi la mshindo likavunja zaidi ya 6,000. Siku hizi kila mrija una ganda la kinga.

Na msidhani mambo haya ni ya Japani tu. Mwaka 1965 timu ya Frederick Reines, pamoja na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ilinasa nyutrino za angahewa zaidi ya kilomita tatu chini, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand huko Boksburg, Afrika Kusini. Mwaka huohuo wengine walizinasa Kolar, India. Njia yao Boksburg? Miuoni! Kina kile miuoni za angani hutoka karibu wima tu, kwa hiyo inayopita ulalo imezalishwa na nyutrino ndani ya mwamba.

Kwa aliye Dodoma au Eldoret bila mgodi wala tangi, IceCube ya Ncha ya Kusini hutoa sehemu ya data zake bure. Vitambuzi vyake 5,160 vimefukiwa kwenye barafu, na miuoni zinazowashukia ni kama 3,000 kwa sekunde. Zitupe zote zinazotoka juu, bakiza zinazopanda kutoka chini (hizo zimezaliwa na nyutrino, maana miuoni haiwezi kuvuka Dunia nzima), kisha chora idadi yake dhidi ya pembe. Python na kompyuta ya kawaida vinatosha. Ukimwandikia profesa kuomba nafasi, ambatisha mchoro huo na aya mbili za kueleza ulivyochuja. Cheti chako atakiuliza baadaye.