WRX: malizana na mafuta kwanza, busti iwe ya mwisho

Mkuu nimesoma swali lako lote. Una Subaru Impreza WRX ya 2003, umeshafunga egzosi kubwa na filta ya wazi, jamaa yako anakwambia weka kile kidude cha kupandishia busti (presha ya hewa ambayo tabo, yaani turbo, inaisukumia injini) uzungushe mpaka bar 1.2 mchezo umeisha, na kazi yote unataka uifanye mwenyewe nyumbani Arusha. Umeuliza pia kama pampu ya mafuta iliyokuja na gari inatosha na kama nozeli za mtumba (zile za kunyunyizia mafuta kwenye injini) zinafaa. Nakujibu kwa urefu maana hizi injini za EJ20 nimezifungua sana uani kwangu hapa Dar, ya kwangu na za washkaji, na wengi wanaokuja wanaburuzwa na kamba walianza na ushauri huohuo wa jamaa yako.

Busti inakuja mwisho, mkuu. Kabla yake kuna mafuta, na kabla ya mafuta kuna kupima.

Iko hivi. Petroli ili iungue yote inataka kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Injini ya tabo ukiikanyagia hairidhiki na hapo, inataka mafuta ya ziada ya kupoza chumba cha moto, na kwenye hizi Subaru wengi tunakaa kwenye uwiano wa 11 mpaka 11.5 ukiwa umekanyaga mpaka chini. Ukipandisha busti umeongeza hewa tu, mafuta hayajiongezi yenyewe, sasa mfumo wa mafuta ukishindwa kwenda sawa na ile hewa uwiano unaanza kupanda 12, 12.5, 13 na hapo mafuta yanaanza kulipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio, injini inagonga, na naongelea kugonga kwa mwako siyo beringi. Pistoni za kiwandani za WRX ni za kumimina siyo za kufuliwa, kile kiukuta chembamba kati ya ringi na ringi ndicho kinachokatika kwanza. Mara nyingi husikii kitu chochote siku hiyo, unaona tu wiki inayofuata gari inakula oili, inatoa moshi wa bluu na kompresheni ya silinda moja imeanguka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa pima kompresheni silinda zote nne injini ikiwa ya moto, kama kuna moja imeachana sana na wenzake acha kila kitu, hiyo injini haitaki nguvu inataka kufunguliwa. Angalia na taiming belti, kama hujui ilibadilishwa lini basi haijabadilishwa, kilomita laki moja ndiyo mwisho wake na ikikatika valvu zinakutana na pistoni.

Halafu hiyo filta ya wazi. Watu wengi hawalijui hili. ECU ya Subaru (kompyuta ya injini) inahesabu hewa inayoingia kwa ile sensa ya MAF iliyokaa kwenye njia ya hewa, na hesabu yake imepangwa kwa kipenyo cha njia ya kiwandani. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa ileile inapita taratibu mbele ya sensa, sensa inasoma pungufu, ECU inamwaga mafuta pungufu. Hujagusa busti na tayari umekausha injini! Rudisha boksi la kiwandani weka filta mpya ya karatasi, kwa nguvu unazozitaka wewe lile boksi linatosha kabisa, bomba kubwa utaliweka siku una mtu wa kukupangia upya hesabu ya sensa.

Sasa kupima. Nunua geji ya waidibandi (inayosoma uwiano wa hewa na mafuta kwenye moshi) yenye sensa ya Bosch LSU 4.9, uchomelee nati yake kwenye bomba la egzosi baada ya tabo, sensa ikae upande wa juu imeinama kidogo ili maji ya asubuhi yasiituamie. Sensa ya oksijeni iliyokuja na gari usiitegemee ukiwa umekanyaga mpaka chini. Pili tafuta waya wa Tactrix OpenPort 2.0 na laptopu yoyote, programu ya RomRaider ni ya bure, hapo unarekodi rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), busti, muda wa nozeli, na muhimu kuliko vyote ECU inasemaje kuhusu kugonga. Kuna namba inaitwa IAM, kwenye ECU za 16-biti injini yenye afya inakaa 16 na kwenye za 32-biti inakaa 1. Ukiona imeshuka maana yake ECU imesikia kugonga sana mpaka imeamua kurudisha taiming (wakati wa kupiga cheche) nyuma yenyewe, gari yako inakulilia na wewe unasikiliza muziki wa egzosi.

Nikupe mfano wa rekodi ya gari yangu nilipokuwa nimefunga egzosi tu, busti ya kiwandani, nozeli za kiwandani. Gia ya tatu, kwenye rpm 3000 uwiano 11.1, kwenye 4500 uko 11.2, safi kabisa. Kufika 5500 unaanza kutambaa, 11.8, halafu 12.3, na karibu na 6500 uko 12.9 huku nozeli zimefunguka asilimia 97 ya muda wao. Kwa sikio huwezi kujua, kwa kiti pia huwezi kujua, tena gari ikikauka mafuta inajisikia imechangamka zaidi. Nilikaa na hiyo busti ya kiwandani na kikomo cha 5500 mpaka nozeli kubwa zilipofika. Sasa jiulize ningeongeza bar 0.3 juu ya hapo ingekuwaje.

Hiyo asilimia ya nozeli ielewe vizuri. Kwenye rpm 6000 kila silinda inapata mzunguko mmoja kamili wa kazi kila milisekunde 20. Nozeli ikiwa wazi milisekunde 17 hiyo ni asilimia 85, na hapo ndipo pa kusimama, ukivuka inaanza kutojifunga vizuri na mwisho inabaki wazi tu, ukiiamrisha iongeze haina cha kuongeza. Ukitaka kujua saizi, mimi napiga hesabu hivi: injini ya tabo inakula kama kilo 0.27 za petroli kwa kila hospawa moja kwa saa. Hospawa 300 ni kilo 81, ambazo ni kama lita 110 kwa saa, gawanya kwa nozeli nne, gawanya kwa dakika 60, unapata kama sisi (cc) 455 kwa dakika kila moja, halafu gawanya kwa 0.85 ya usalama unafika 540 hivi. Nozeli za 550 zinakutosha kwa hospawa 300. Usikimbilie za 1000 kwa sababu zinapatikana, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) itakuwa ya shida na gari itamisi ikiwa ya baridi. Na ukibadilisha nozeli lazima ECU iambiwe, saizi mpya na pia ule ucheleweshaji wa kufunguka ambao unabadilika kulingana na volti za betri. Bila hivyo gari haitatembea vizuri hata ukimleta fundi gani.

Pampu. Ya kiwandani yenye miaka zaidi ya 20 mimi siiamini kwa busti yoyote ya ziada. Regulata ya presha ya mafuta inafuata busti, presha ya mafuta bila busti ni bar 3, ukiwa na busti ya bar 1 pampu inatakiwa isukume bar 4, na pampu yoyote presha ikipanda lita zinapungua. Wengi tunaweka Walbro ya lita 255 kwa saa, kazi ya asubuhi moja nyumbani, ila feki ni nyingi mno sokoni kwa hiyo nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha imetoka wapi.

Hii kazi ifanye nje, upepo unapita. Usiifanye kwenye shimo na usiifanye gereji iliyofungwa, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unakaa chini unasubiri cheche. Kizimia moto cha poda kiwe pembeni yako siyo ndani ya nyumba. Tangi liwe na mafuta kidogo. Chomoa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka ijizime yenyewe hapo presha imeshuka, ndipo uchomoe negativu ya betri. Inua kiti cha nyuma, kuna kifuniko cha bati chenye skrubu, ukikitoa unakuta vumbi la Japani na la Tanzania limekaa juu ya kichwa cha pampu, lipulize na kulifuta lote KABLA ya kufungua maana likidondoka ndani linakwenda kwenye nozeli. Ng'oa plagi ya umeme, mabomba, na nati ndogo za kuzunguka. Ukivuta usitumie nguvu, tangi la Subaru limegawanyika pande mbili kwa sababu propela shafti inapita katikati, na kuna kibomba kinachovuta mafuta upande wa pili kuja upande wa pampu. Ukikisahau kukirudisha, gari itakuzimikia na geji inasema una nusu tangi.

Sehemu ambayo mafundi wengi wanaharibu ni lile bomba fupi la mpira ndani ya tangi. Mpira wa kawaida wa mafuta, hata ule wa presha wenye maandishi ya SAE J30R9, umetengenezwa kukaa na mafuta ndani yake siyo kulowekwa nje na ndani. Wa ndani ya tangi lazima uwe J30R10. Niliwahi kuletewa gari iliyokuwa inakosa nguvu, gereji moja ilikuwa imeweka mpira wa kawaida mle, nilipoutoa umevimba umekuwa laini kama maini, presha yote inavujia humohumo ndani ya tangi na pampu mpya haina kosa. Juu kwenye injini nako usikubali ule mpira wa kabureta, na klempu tumia zile za duara zenye boliti, zile za kuzungusha kwa bisibisi zinakata mpira. Ukimaliza funga geji ya presha, chomoa kile kibomba cha vakyumu kwenye regulata usome bar 3, kirudishe ikiwa sailensa ishuke kwenye 2.3 au 2.4 hivi. Washa na tochi, papasa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, kisha urudie hivyo gari ikishapata moto na kupoa.

Kuna hili la Arusha, na hapa ndipo nilitaka usome vizuri maana umesema unashuka Dar mara kwa mara. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa ya huko ina presha ya kilopaskali kama 86, Dar ni 101. Geji ya kawaida ya busti inasoma kilichozidi hewa ya nje. Busti bar 1 ya Arusha ndani ya manifoldi ni kilopaskali 186, busti bar 1 ya Dar ni 201, hiyo ni hewa asilimia 8 zaidi na geji inakuonyesha namba ileile. Nozeli iliyokuwa asilimia 85 huko kwako huku inakaribia 92. Juu ya hapo intakula ya WRX (kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) imelala juu ya injini, ukisota kwenye foleni ya jua la mchana inakuwa jiko, ukikanyaga dakika hiyo hewa inaingia ya moto na moto ndio rafiki wa kugonga. Kwa hiyo tyuni ya Arusha iachie nafasi, na rekodi zifanye tena ukiwa Dar kabla ya kujiachia. Wenzetu wa Nairobi wanaoshuka Mombasa ni hivyohivyo. Na rekodi za kukanyaga mpaka chini fanyia kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) au eneo lililofungwa, siyo Barabara ya Bagamoyo usiku, kuna bodaboda na watoto wa watu.

Mafuta yenyewe sitayaongelea sana. Gari za soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya hai-oku, oktani (uwezo wa petroli kuzuia kugonga) 98 mpaka 100, yetu iko chini ya hapo, kwa hiyo hata bila kuongeza kitu taiming ya kiwandani ya hizi gari ni kali kwa huku na inatakiwa kurudishwa kidogo. Vile vichupa vya kuongeza oktani wanaposema pointi 10 wanamaanisha oktani 1. Na kituo chagua kimoja unachokiamini ukae nacho. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya watu kuchanganya mafuta ya taa, na mafuta ya taa kwenye injini ya tabo ni sumu, oktani inaanguka vibaya.

Nozeli za mtumba zinafaa, nimezitumia na bado zinafanya kazi. Ila angalia kwanza za kwako zinalishwa kutoka juu au ubavuni, Subaru zimetoka za aina zote mbili na haziingiliani bila kubadilisha reli. Zote nne zitoke gari moja, zipelekwe kusafishwa kwenye mashine yenye vile virija vya kioo na usimame uangalie mwenyewe, tofauti kati ya inayomwaga nyingi na inayomwaga kidogo isizidi asilimia 3, na mnyunyizo uwe ukungu siyo mchirizi. Ikidondosha tone baada ya kuzimwa, iache hapohapo kwa muuzaji. Oringi weka mpya zote, paka oili nyepesi kabla ya kuzisukuma ndani, na plagi za moto gepu yake iwe 0.7 mpaka 0.8.

Ukifika hapo ukanirushia rekodi yenye rpm, uwiano, asilimia ya nozeli, IAM na joto la hewa, tutaongea habari ya busti, na kwa tabo yako hiyo ndogo hatutaanza na 1.2.