Maswali ya Wasomaji: Baraza la Wachoctaw na Sheria Walizojiandikia

Swali kutoka Masasi: Shikamoo Mwalimu. Katika toleo lililopita uligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba Wachoctaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani, walikuwa na baraza lao la kutunga sheria katika karne ya 19. Ninasomea ualimu wa historia, na sisi tumezoea kuambiwa kwamba watu hao walikuwa na machifu na mila, basi. Je, sheria hizo waliziandika wao kweli, au ziliandikwa na wamisionari na serikali ya Marekani kisha zikapewa jina lao? Na mtu akizisoma leo anapata nini ambacho hatakipata kwenye vitabu vya kawaida?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Waliziandika wao, na walianza kabla hata ya kufukuzwa kwenye nchi yao ya asili. Mwaka 1826, wakiwa bado Mississippi, viongozi wao walikubaliana juu ya katiba ya maandishi. Wamisionari walikuwa na mkono katika jambo moja ambalo hatuwezi kulidharau: Cyrus Byington na Alfred Wright ndio walioiweka lugha ya Kichoctaw katika herufi hizi tunazozitumia na sisi, na baadaye sheria za taifa zilichapwa kwa Kiingereza na kwa Kichoctaw. Lakini kumpa mtu kalamu si kumwandikia barua. Katika Kichoctaw sheria huitwa nan vlhpisa, neno linalobeba maana ya kitu kilichopimwa, na ukizisoma utaona kwamba waliozitunga walipima mambo yao wenyewe, yaani mashamba yao, ndoa zao, mauaji yaliyotokea vijijini mwao, na wageni waliowazunguka kila upande.

Septemba 1830 walitia saini Mkataba wa Dancing Rabbit Creek, wakaitoa nchi yao iliyobaki Mississippi, na kuanzia mwaka 1831 wakahamishwa kwa makundi kuelekea magharibi, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Maelfu walikufa njiani kwa baridi, njaa na kipindupindu. Pamoja na uchungu huo, mkataba ulikuwa na kifungu cha nne, kilichoahidi kwamba hakuna jimbo wala himaya ya Marekani itakayokuwa na haki ya kuwatungia Wachoctaw sheria katika nchi yao mpya. Ninakuomba ukikumbuke kifungu hicho, kwa sababu kila sheria waliyoitunga baada ya hapo ilikuwa pia njia ya kusema kwamba ahadi ile bado ipo na bado inatumika.

Mwaka 1834, hata kabla vumbi la safari halijatulia, wakaandika katiba nyingine. Nchi iligawanywa katika wilaya tatu, kila wilaya ikiwa na chifu wake, na Baraza Kuu likawa na wajumbe 27 waliochaguliwa, tisa kutoka kila wilaya. Mahali pa kukutania walipaita Nanih Waiya, jina la kilima kitakatifu walichokiacha Mississippi, ambacho masimulizi yao yanakitaja kuwa ndiko walikotokea. Mwaka 1842 baraza likagawanywa kuwa na nyumba mbili, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Katiba ya mwaka 1857 iliyoandikwa Skullyville ilizua mgogoro mkubwa, nayo ya mwaka 1860, iliyoandikwa Doaksville, ikautuliza na kudumu hadi utawala wao ulipobomolewa.

Sasa nikujibu swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kumbukumbu za baraza si picha ya maisha yalivyokuwa. Ni orodha ya mambo yaliyowashinda watu kuyamaliza nyumbani, na hiyo ndiyo thamani yake. Chukua sheria ya mwaka 1834 iliyotamka kwamba atakayemuua mwenzake kwa madai ya uchawi naye atauawa, na kwamba atakayemtangaza mtu hadharani kuwa ni mchawi, au kujitangaza mwenyewe, atachapwa viboko 60. Msomaji wa haraka atasema kwamba Wachoctaw waliacha kuamini uchawi mwaka 1834. Si hivyo hata kidogo. Sheria ya namna hiyo inatungwa pale ambapo mauaji yapo na wazee wa koo hawawezi tena kuyazuia. Sisi tunaoishi na sheria ya uchawi iliyoanza mwaka 1928 tunajua kwamba kuandikwa kwa katazo ni jambo moja, na kukoma kwa kinachokatazwa ni jambo jingine kabisa.

Chukua pia ardhi. Nchi ilikuwa mali ya taifa zima na hakuna aliyeweza kuiuza, lakini nyumba, uzio na shamba alilolima mtu vilikuwa vyake, na sheria ilimzuia mwingine asijenge ndani ya robo maili, yaani takriban mita 400, kutoka kwenye makazi ya jirani. Mtu wa Newala au Tandahimba hahitaji kufafanuliwa sana hapa, kwa maana anajua jinsi mikorosho inavyoweza kuwa ya mtu aliyeipanda na watu wakaiuziana, huku ardhi yenyewe ikihesabiwa kwa utaratibu mwingine. Maofisa wa Marekani walioandika kwamba Wachoctaw hawakuwa na fikra ya mali binafsi ama hawakuzisoma sheria hizi au walizisoma wakanyamaza.

Lakini ukitaka kuonja akili ya baraza hilo, soma sheria zake za ndoa. Wachoctaw walihesabu ukoo kwa upande wa mama, kama wanavyofanya Wamakonde, Wamakua na Wamwera, na mjomba alikuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake. Katika jamii ya namna hiyo, mwanamume anayeoa anaingia kwa watu, hawachukui watu. Sasa fikiria mgeni mweupe anayekuja kuoa si kwa ajili ya mke tu, bali kwa kuwa kupitia kwa mke ataweza kulima, kufuga na kuchimba makaa katika nchi ambayo vinginevyo angeingia kwa kibali tu. Koo peke yake hazikuweza kumchuja mtu huyo, kwani naye hakuwa na mjomba wa kuitwa barazani. Ndiyo maana mwaka 1875 baraza likamtaka mgeni apate leseni ya ndoa, alipe ada, aape kutii sheria za taifa, na alete ushahidi wa tabia njema uliotiwa saini na Wachoctaw kumi wanaomfahamu. Katika karatasi hiyo yenye saini za watu kumi mimi ninaiona kazi ya zamani ya wajomba ikiendelea kwa mavazi mapya. Huo ndio usomaji ninaoupendelea: kila sheria iulize, kabla ya kuandikwa kwako, kazi hii ilikuwa ikifanywa na nani, na kwa nini hakuweza tena?

Swali kutoka Kilwa Kivinje: Mwalimu, nimesikia kwamba Wachoctaw walimiliki watumwa Waafrika. Mtu aliyenieleza alikuwa akiwasifu kwa kujitawala, nami nikashindwa kuunganisha mambo hayo mawili. Je, ni kweli, na je, baraza lao lilihusika?

Jibu: Ni kweli, na baraza lilihusika moja kwa moja. Walihamia magharibi wakiwa na watumwa, na utajiri wa baadhi ya koo kubwa, hasa katika mashamba ya pamba kandokando ya Mto Red, ulitokana na kazi ya watu hao. Mwaka 1836 Baraza Kuu liliwapiga marufuku wamisionari waliounga mkono kufutwa kwa utumwa, na likakataza kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika bila ridhaa ya bwana wake. Mwaka 1861 taifa lilifunga mkataba na majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani, na baada ya Kusini kushindwa vitani, Marekani ikalilazimisha kuandika mkataba mpya mwaka 1866 uliofuta utumwa.

Kuhusu kuunganisha mambo hayo mawili, ndugu yangu wa Kivinje, ninaona hayapaswi kuunganishwa kwa kulifunika mojawapo. Wewe unaishi katika mji ambao misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilifikia, na ambao mabwana wake nao walikuwa na sheria, makadhi na maandishi mazuri. Watu wale wale waliodai kwa haki kwamba Marekani haina mamlaka ya kuwatungia sheria waliitumia haki hiyo kuwafungia watu wengine mlango wa kusoma, na maandishi yao yenyewe ndiyo yanayowashuhudia.

Yaliyofuata yanauma zaidi. Mkataba wa mwaka 1866 ulilipa baraza hiari ya kuwapa walioachwa huru haki za uraia, ukizifungamanisha na dola 300,000 za eneo la magharibi walilolitoa, na ukaweka muda wa miaka miwili. Muda ukapita. Serikali ya Marekani haikuwahamisha watu hao, kama mkataba ulivyotaka iwapo baraza lisingewapokea, wala baraza halikuwapokea, hata ikafika mwaka 1883 ndipo sheria ya kuwapokea ilipopitishwa. Kwa miaka 17 mtu aliyezaliwa katika nchi ya Wachoctaw, anayesema Kichoctaw na kula chakula cha Kichoctaw, hakuweza kutaja serikali iliyomtambua kuwa raia wake. Na katiba ya sasa ya taifa hilo, ya mwaka 1983, inawahesabu kuwa wananchi wale tu wa kizazi cha walioorodheshwa kuwa Wachoctaw kwa damu, kwa hiyo wajukuu wa walioachwa huru wangali wanadai. Hapa kwetu hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1922, na kila anayekaa pwani anajua kwamba maneno yaliyowatenga watu hayakufutika siku hiyo.

Swali kutoka Lindi mjini: Kumbukumbu hizo ziko wapi, na kwa nini baraza lenyewe liliisha?

Jibu: Liliisha kwa kubanwa. Wazungu wasio raia walikuwa wameongezeka nchini humo kwa reli na migodi ya makaa ya mawe hata wakawazidi wenyeji kwa mbali, na mwaka 1893 Marekani ikaunda Tume ya Dawes ili ardhi ya pamoja igawanywe kwa mtu mmojammoja. Makubaliano ya Atoka ya mwaka 1897 na Sheria ya Curtis ya mwaka 1898 yalizifunga mahakama za Wachoctaw na kuzifanya sheria za baraza zisubiri idhini ya Rais wa Marekani. Novemba 16, 1907, Oklahoma ikawa jimbo. Kwa bahati chungu, hata jina hilo ni la Kichoctaw, okla maana yake watu na homma nyekundu, na lilipendekezwa na Allen Wright, aliyekuwa Chifu Mkuu kuanzia mwaka 1866.

Jengo la baraza lililojengwa mwaka 1884 huko Tuskahoma bado limesimama na sasa ni makumbusho. Maandishi yenyewe, yaani miswada, sheria zilizotiwa saini, kumbukumbu za vikao na hesabu za hazina, yalikabidhiwa Chama cha Historia cha Oklahoma kwa sheria ya mwaka 1934, na mengi yamenakiliwa katika mikrofilamu. Vitabu vya sheria vilivyochapwa vinapatikana bila malipo katika tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambavyo unaweza kuvifungua ukiwa hapo Lindi kwa simu tu, ingawa picha za kurasa ni nzito na ni afadhali kuzipakua usiku. Anza na mkusanyo wa mwaka 1869 uliotayarishwa na Joseph P. Folsom, Mchoctaw mwenyewe, kwa sababu ndani yake mkataba wa mwaka 1866 umefungwa pamoja na sheria za baraza, na unaweza kuweka kidole kwenye ukurasa wa ahadi huku ukisoma ukurasa wa utekelezaji.