Kirusi cha vyura ni kilekile, mbona huku wanaisha na kule wanapona?

SWALI: Habari za saa hizi ndugu mwandishi. Mi napenda sana kuangalia vyura, sasa nimesikia kuna ranavirusi inawamaliza. Kinachonichanganya ni kwamba kuna bwawa linafagiwa lote, lingine viluwiluwi wanaumwa tu alafu wanapona. Si kirusi kimoja?

JIBU: Asante, umegusa penyewe. Ranavirusi sio kimoja, ni ukoo mzima, na kila kimoja kimebeba jeni zake. Kinachojulikana zaidi ni Frog virus 3, kiligunduliwa Marekani miaka ya 1960, kina jeni kama 98 hivi, na sio zote za kujizalisha, nyingine kazi yake ni kumvuruga chura asijilinde.

Nikupe moja tu. Seli ina protini mlinzi inaitwa PKR, ikinusa tu kuna kirusi inabandika alama kwenye kifaa kimoja cha ule mtambo wa kutengeneza protini, mtambo unazima, na kirusi bila huo mtambo hakizaliani. Sasa ranavirusi wana jeni inaitwa vIF-2α, inatoa kifaa bandia kinachofanana na kile cha seli, PKR inashikana na bandia na mtambo unaendelea kufanya kazi kwa faida ya kirusi! Kwa Frog virus 3 jeni hiyo imekatika upande wa mbele, ila ndugu yake RCV-Z, aliyetoka kwa vyura wa kufugwa, anayo nzima, na viluwiluwi waliojaribiwa walikufa kwa RCV-Z wakati Frog virus 3 haikuwaumiza hivyo. Sisemi jeni hiyo peke yake ndo sababu maana virusi hao wanatofautiana kwa mengine pia.

Ndo maana wataalamu wakaenda mbele wakaitoa kabisa. Kwa salamanda (jamii ya vyura ila ana mkia kama mjusi), ranavirusi kilichotolewa jeni hiyo kiliua taratibu zaidi. Kwa viluwiluwi wa Xenopus, chura wa Afrika anayefugwa sana maabara, Frog virus 3 iliyotolewa vIF-2α yake hata hiyo iliyokatika, au jeni nyingine inaitwa 18K, ilidhoofika, wengi wakapona, na kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba kwenye seli za maabara kirusi hichohicho kilikuwa kinazaliana vizuri tu, udhaifu umeonekana kikiwa ndani ya mnyama mzima mwenye kinga yake.

Umri nao una nguvu, Xenopus mkubwa anakifukuza kirusi ambacho kinamuua kiluwiluwi, na joto la maji linabadilisha mambo pia, kwa hiyo usihukumu bwawa kwa jeni tu.

Na tafadhali sana, ukikuta chura amevimba au ana damu nyekundu chini ya ngozi ya mapaja, usimhamishie bwawa lingine hata kama unamhurumia, wala usibebe maji yake, na buti zako uzisugue tope lote litoke, uzitie dawa ya klorini na zikauke kabisa kabla hujakanyaga maji mengine.